Ukialikwa Kuhubiri Amani Nachingwea na Ruangwa

Umealikwa kutoa mada ya amani, ukarimu na maridhiano Nachingwea, au jirani yake Ruangwa. Hongera. Barua ya mwaliko ina mhuri, turubai limeshakodiwa, bango limechapwa na jina lako limekosewa herufi moja. Kabla hujapanda gari, soma haya. Nayaandika kwa sababu nimechoka kuona watu wa dini wenye nia njema wakimaliza kutwa nzima kueleza kwamba amani ni kitu kizuri, mbele ya watu ambao hawajawahi kulibishia hilo. Wanachobishania ni mpaka wa shamba, ng'ombe walioingia kwenye mbaazi, hela ya korosho iliyoishia mfukoni mwa baba peke yake, na binti aliyeolewa dini nyingine bila wajomba kuulizwa. Zungumza nao hayo. Kama huyawezi, mwachie nafasi anayeyaweza.

Kalenda kwanza, Maandiko baadaye

Usije Novemba. Novemba watu wanaokota korosho, na wasiookota wako kwenye ghala la AMCOS, yaani chama chao cha ushirika cha msingi, wakisubiri kusikia mnada umeamua bei gani. Nachingwea, Ruangwa na Liwale ziko chini ya chama kikuu kimoja cha ushirika, RUNALI, na siku ya mnada wa RUNALI hata mhubiri mwenye sauti ya tarumbeta atahubiria viti. Ukija Juni kuna ufuta wa kukata na kupiga. Ukija Februari watu wanapalilia, na njia ya kwenda Kilimarondo imegeuka tope la kumeza matairi. Usiulize ofisi ya mkoa tarehe nzuri ni ipi. Muulize mwenyekiti wa kijiji, naye atakuuliza kwanza kama kuna chakula, na hilo ni swali la haki kabisa kwa mtu atakayetembea saa mbili kuja kukusikiliza.

Halafu tazama mifungo. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresma zilianza wiki moja, na mwaka 2026 zikaanza karibu siku moja. Mtu aliyepanga chakula cha mchana katika majuma hayo aliandaa sufuria za kutazamwa. Ijumaa watu wanataka kuondoka kabla ya saa sita wakajiandae kwa sala, Jumamosi ni ya Wasabato, Jumapili inajulikana. Zinabaki siku nne. Chukua Jumanne, anza asubuhi.

Ujue umefika mahali panapowajua wageni

Nachingwea imepokea wageni wa kila namna, na ni vizuri ujue wenzako waliokutangulia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wake mkubwa wa karanga katika Tanganyika, ikachagua Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yakaja mabuldoza na mafundi. Bandari ya kina kirefu ikaanza kujengwa Mtwara, na reli ikatandikwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Januari 1951 mpango ukafutwa, ukiwa umemeza zaidi ya pauni milioni 30. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo Nachingwea kuna kata inayoitwa Stesheni, na hakuna treni. Wale mabwana walikuwa na ramani, hesabu na haraka, lakini hawakuketi na mkulima wa Kimwera kumuuliza udongo ule mvua ikikatika huwaje. Wewe unakuja na mada badala ya mabuldoza. Kabla hujaifungua, sema wazi umemuuliza nani.

Mgeni wa pili alikuja na bunduki, na alipokelewa. Katika miaka ya 1960 FRELIMO, iliyokuwa imeundwa Dar es Salaam Juni 1962, ilipewa kambi Nachingwea, na ndiko walikofunzwa wapiganaji wengi wa ukombozi wa Msumbiji chini ya Samora Machel. Kijiji kilichokaa karibu na kambi ile kiliishi miaka na vita ya watu wengine mlangoni. Kilijua kunyamaza mgeni asiyefahamika akiuliza njia. Ukisimama mbele ya babu na bibi wa hapo kuwafundisha ukarimu, anza kwa kuwashukuru kwa ule walioutoa. Halafu waulize uliwagharimu nini. Hiyo peke yake ni mada ya asubuhi nzima, na watakaoitoa ni wao.

Mgeni wa tatu ndiye ningependa umwige kidogo. Vincent Lucas, askofu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, aliwakuta Wamwera, Wamakua na Wayao wakipeleka vijana wao jandoni. Wamisionari wengine wa zama zake waliona dawa ni kupiga marufuku. Yeye alikaa na wazee na mapadri Waafrika, jando likaendelea, likiwa na sala na mafundisho ya Kikristo ndani yake. Wapo wanaomlaumu kwa hilo mpaka leo, kutoka pande zote mbili. Mimi namsifu kwa jambo moja: alifanya kazi na kitu alichokikuta.

Kuku achinjwe na nani

Hapa tutakaa kidogo, maana mikutano ya amani huharibikia jikoni kuliko jukwaani.

Watu wa Nachingwea na Ruangwa ni Waislamu kwa wingi, na Wakristo wapo wengi, hasa Wakatoliki na Waanglikana. Jimbo Katoliki linaloitwa sasa Lindi lilianzishwa 1963 kwa jina la Nachingwea, likabadilishwa jina 1986. Lakini usidhani hizi ni kambi mbili zinazotazamana. Ukoo mmoja una Hamisi na Yohana, watoto wa mama mmoja na mama mdogo, na kwenye msiba wote wanachimba kaburi moja. Tayari wanakula pamoja. Anayeweza kuwaharibia ni wewe, ukileta kuku waliochinjwa usijue na nani, ukasema "tule tu, Mungu ni mmoja."

Taratibu ni nyepesi. Kila mnyama atakayeliwa na wote achinjwe na Mwislamu, hapo hapo uani, asubuhi, watu wakiona. Sufuria ziazimwe kwenye nyumba zisizopika nguruwe. Uraka wa mabibo, hata kama mzee wa kanisa ameusifia, usikae karibu na meza ya chakula. Sala ya kushukuru ianze moja, ifuate nyingine, fupi zote mbili. Mkristo hapungukiwi kitu kwa utaratibu huu, na kwa miaka mingi Wakristo wa kusini wameukubali kwa heshima ya ndugu zao. Heshima hiyo itajwe kwa sauti mbele ya mkutano, na atakayeitaja awe shehe. Mtu anayetoa asipotambuliwa, siku moja huanza kuhesabu.

Usiseme haya ni madogo. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje uliishia kwa mchungaji kuuawa. Kabla ya siku ile Tanzania ilikuwa na makongamano mengi ya amani, na kwenye kila moja watu walikula nyama. Swali la kisu lilikuwa mbele yao, juu ya sahani.

Kuhusu akina mama wa jikoni: wanaamka saa tisa usiku. Wanachambua mchele kwa mwanga wa tochi ya simu, wanakuna nazi, wanapuliza kuni mbichi mpaka macho yanakuwa mekundu, wanageuza pilau kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Saa nne mkutano unapoanza, mwanamke wa Kiislamu na mwanamke wa Kikristo wamekwisha kukaa pamoja saa saba, wamesimuliana mambo ya mume, ya mtoto anayeumwa degedege, ya mchezo wa kupeana hela ambao mmoja wao hajalipa. Kisha wanaume wanapanda jukwaani kuwaeleza maana ya kuishi pamoja. Nakuomba ugeuze utaratibu huo. Mpishi mkuu aseme kwanza, kabla ya mgeni rasmi, na apewe kipaza sauti kinachofanya kazi. Pia turubai la jikoni liwe zuri sawa na la wageni, maana mvua haichagui.

Meza kuu

Vunja meza kuu. Ule mstari wa makochi yenye vitambaa, chupa za maji na maua ya plastiki huwaambia watu kabla hujafungua kinywa kwamba amani ni mali ya waliokaa kivulini. Tandika majamvi, panga viti mduara, wazee wakae kwenye viti vyenye migongo. Mkuu wa Wilaya akija, apokewe kwa heshima zote, asalimie mwanzoni, halafu aachwe aende kazini kwake. Sisemi hivi kwa kumkosea adabu. Baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 na watu waliouawa katika siku zile, Mtanzania anayesikia mahubiri ya amani hutazama kwanza nani kaketi nyuma ya mhubiri. Akiona serikali, husikia ameambiwa anyamaze. Ukitaka mama aliyepoteza mtoto akusikilize, lazima ajue kwamba unaweza kumtaja mtoto wake bila kuangalia nyuma kuomba ruhusa. Shehe, padri na mchungaji wanaohubiri utulivu bila kuuliza habari za haki wanapoteza imani ya watu waliokabidhiwa, na hiyo hairudi kwa semina.

Watani waalikwe. Hili ni agizo. Kusini kuna watani wa kila rangi, na utani mwingi ulizaliwa kati ya makabila yaliyowahi kuwindana. Magwangwara, yaani Wangoni waliotoka Songea, waliishambulia Masasi mwaka 1882 wakachukua mateka. Wajukuu wa pande zile leo wanaweza kutupiana maneno msibani mpaka wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Mtani ana ruhusa ya kusema ambacho mtoa mada hawezi. Atamwambia mzee mzima kwamba ubahili wake ndio uliomfukuza mkwe, na mzee atacheka, na usiku atalifikiria. Mpe mtani dakika kumi baada yako.

Ng'ombe, mikorosho na mjomba

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa usikimbie.

Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji Ihefu, kwenye bonde la Usangu mkoani Mbeya, na wengi wakaelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Wasukuma, Wabarbaig na Wamaasai walishuka na mifugo yao kwenye nchi ya watu ambao babu zao hawakufuga ng'ombe. Mkulima wa huku anaacha shamba lipumzike miaka, lote likiwa la ukoo, kila mti una mwenyewe. Mfugaji analiona pori tupu. Wakati wa kiangazi maji yanabaki kwenye mabonde, na mkulima ana bustani bondeni hapo hapo. Hakuna aliyekuja na ubaya moyoni. Walikutanishwa na watu wa mbali ambao hawakukaa hapo kutazama kilichofuata.

Chukua kesi ya kawaida, inayoweza kutokea kijiji chochote kati ya Mbekenyera na Marambo. Usiku ng'ombe wameingia kwenye mikorosho michanga. Mkorosho unataka miaka kama mitatu ndipo uanze kuzaa. Miche arobaini iliyokanyagwa ni miaka mitatu ya ada ya shule. Asubuhi mwenye shamba anamkuta ndama amebaki nyuma, anamkata panga. Jioni vijana wa pande zote wana fimbo na mapanga. Siku tatu baadaye unafika wewe na mada yako.

Anza siku moja kabla. Nenda kwenye boma la mfugaji, kaa, kunywa maziwa utakayopewa, na usiangalie saa. Mfugaji huyu hana shehe wala padri kijijini wa kumsemea. Hana mjomba kwenye mkutano. Kiswahili chake kinachekwa, na kwenye dua za wenyeji ameshasikia akiitwa mvamizi. Mwambie unataka aje, na umhakikishie kwamba hatakaa peke yake. Nenda naye mwenyewe. Kisha nenda shambani kwa mkulima, uhesabu naye miche, mmoja mmoja, kwa kuinama. Usikubali neno "mingi." Afisa ugani aandike idadi na thamani. Ndama naye aandikwe.

Siku ya mkutano, kabla ya Aya yoyote na kabla ya Mistari yoyote, karatasi hiyo isomwe mbele ya wote. Nimeona jinsi sauti zinavyoshuka miche inapotajwa kwa idadi. Mtu aliyekuwa akipiga kelele "wametumaliza" anajikuta anazungumzia arobaini, na arobaini hulipika. Mfugaji aliyekuwa akisema "wakulima hawa wakatili" anazungumzia ndama mmoja, naye hulipika. Baada ya hapo ndipo useme habari za msamaha, na utaona zinavyoingia, kwa sababu kila mtu sasa anajua kinachosamehewa ni kipi.

Usijifanye hakimu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Mabaraza ya kata nayo, tangu marekebisho ya 2021, hayaamui tena kesi za ardhi, yanasuluhisha. Maana yake sheria yenyewe imekiachia kijiji kazi ya kupatanisha, na mara nyingi kinachokosekana ni watu wanaoaminiwa na pande zote. Hapo ndipo msikiti na kanisa vina la kuchangia kuliko mtu yeyote. Shehe na padri wakikaa benchi moja pembeni ya baraza, bila kuingilia, mdaiwa huona aibu kudanganya. Hakikisha tu wale wanawake watatu wapo kweli, na si majina yaliyoandikwa kujaza nafasi. Wao ndio wanaojua ng'ombe waliingia saa ngapi, maana ndio wanaoamka mapema.

Na mjomba. Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao hufuata ukoo wa mama, na hata pale Uislamu au sheria ya serikali inaposema vingine kuhusu urithi, neno la mjomba bado lina uzito. Umepatanisha baba wawili, umepiga picha, umeondoka, mjomba hakuulizwa. Wiki haitaisha kabla ugomvi haujarudi. Waulize watu tangu mwanzo: "Katika jambo hili, ni nani ambaye asiporidhika hakuna kilichokwisha?" Watakutajia mzee mmoja aliyekaa nyuma kabisa chini ya mwembe, hajasema kitu tangu asubuhi. Nenda ukamsalimie: "Shikamoo mzee wangu." Kaa naye.

Ugomvi wa hela ya korosho ndani ya nyumba usiusahau kwa kuwa hauna fimbo. Mke na mume wameokota pamoja, akaunti ni ya mume, malipo yakiingia mume anaonekana mjini siku kadhaa. Mahubiri ya amani yanayofika mpaka Gaza na yasifike kwenye chumba hicho yameruka karibu kila mwanamke aliyeketi kwenye jamvi. Msemee. Waambie wanaume, kwa lugha ya dini zao, kwamba kumdhulumu uliyechuma naye ni dhuluma kama nyingine. Kama chama kinaweza kumwandikisha mke kama mwanachama kwa jina lake, mwite karani wa AMCOS aeleze hapo hapo utaratibu.

Toba ya kulazimishwa

Utashawishika, mwisho wa siku, kuwaita wawili mbele wakumbatiane. Mwenye kamera atakuwa tayari. Usifanye hivyo kama hawajakubaliana faragha, na nina sababu inayotoka Nachingwea yenyewe.

Mei 1975, wiki chache kabla ya uhuru wa Msumbiji, katika kambi ile ile ya FRELIMO watu waliotuhumiwa usaliti walisimamishwa mbele ya umati wasome makosa yao. Mmoja wao alikuwa Mchungaji Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO. Alisoma ungamo refu aliloandaliwa, akajilaumu mbele ya wote. Kwa macho ya mbali ilifanana na toba. Kisha walipelekwa Msumbiji, na yeye na wenzake kadhaa waliuawa kwa siri, bila kesi mahakamani. Nchi iliyojengwa juu ya ungamo la namna ile ilikuja kuingia vita yake yenyewe, miaka kama kumi na sita.

Vita hiyo ilikwisha Roma, tarehe 4 Oktoba 1992. Wenyeji wa mazungumzo walikuwa Jumuiya ya Sant'Egidio, Wakatoliki walei, pamoja na Jaime Gonçalves, Askofu Mkuu wa Beira. Yalichukua zaidi ya miaka miwili. Hawakuwa na jeshi wala hela za kununua mtu. Walikuwa na nyumba, subira, na tabia ya kurudi kwenye yale ambayo pande zote ziliweza kuyakubali kila yalipokwama. Simulia visa hivi viwili Nachingwea, kwa utaratibu, na uache kimya kidogo baada ya kile cha kwanza. Ni habari yao. Wapo wazee waliokuwa vijana wakati ule.

Vivyo hivyo na vita ya Majimaji. Ukizungumza na Wakatoliki kuhusu Agosti 1905, utasikia habari za Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, wakiwamo masista, waliouawa wakitoka Kilwa, na za misheni za Nyangao na Lukuledi zilizochomwa. Ukizungumza na koo za Wamwera na Wangindo, utasikia habari za njaa, pale jeshi la Wajerumani lilipochoma vijiji, maghala na mashamba. Wapo wanahistoria wanaokadiria waliokufa nchi nzima kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Kila upande una wafu wake na kila upande hutaja wa kwake tu. Ibada ya maridhiano inayowataja wamisionari watano na kuyaacha maghala haijamaliza. Inayoyataja maghala na kuwaacha masista waliouawa njiani nayo haijamaliza. Soma yote, siku moja, kwa sauti moja.

Barua za kusambaza

Vijana watakuuliza kuhusu ujumbe wa simu: sauti ya shehe fulani, picha ya kanisa lililochomwa mahali pasipojulikana, onyo kwamba dini fulani imepanga jambo. Usiwafokee. Mwaka 1908 Lindi ilitikiswa na barua iliyodaiwa kutoka Makka, ikipita mkono kwa mkono, ikionya kwamba mwisho wa dunia umekaribia. Serikali ya Wajerumani iliogopa uasi mwingine, miaka michache tu baada ya Majimaji. Barua ile ilisambaa kwa sababu watu walikuwa wameumizwa na walikuwa wanatafuta maelezo. Waulize vijana ujumbe walionao umewagusa wapi. Jibu litakuwa juu ya kazi, ardhi au kudharauliwa. Lichukue kwa uzito. Tangu uasi wa wenye silaha uanze Oktoba 2017 ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado nchini Msumbiji, tumeona kinachotokea kwa vijana wanaosikilizwa tu na mtu mwenye bunduki, na Oktoba 2020 moto huo ulivuka ukaingia Kitaya, mkoani Mtwara. Shehe wa kijiji anayejua vijana wake kwa majina, na kujua nani hakuonekana msikitini wiki mbili, analinda mpaka vizuri sana. Kaa naye mchana mzima kama anataka.

Bahasha, daftari na marudio

Posho ijulikane mapema, na iwe sawa kwa shehe, padri, mchungaji na mzee wa mila. Bahasha zenye unene tofauti zimevunja kamati za amani nyingi kuliko tofauti za imani. Kama hela ni kidogo, semeni ni kidogo, na ya wapishi itoke kwanza.

Kabla watu hawajatawanyika, mtendaji wa kijiji afungue daftari na aandike kilichokubaliwa: miche mingapi italipwa, kwa awamu ngapi, ya kwanza mwezi gani, ndama atalipwa vipi, njia ya mifugo kwenda mtoni itapita wapi na nani atapanda miti ya kuonyesha mpaka, jina la mke litaandikishwa lini chamani. Wasaini wenye kujua kuandika, wengine waweke dole gumba, na mjomba asiachwe. Nakala moja ikae msikitini, nyingine kanisani, nyingine kwa mfugaji, naye asomewe mpaka aelewe.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Lala kijijini basi, ufike hiyo siku ya tatu, upande miti ya mpaka pamoja nao. Kisha panga tarehe ya kurudi hapo hapo, mbele ya watu, baada ya msimu wa korosho, wakati awamu ya kwanza itakuwa imeshafika au imeshindikana. Rudi bila bango na bila turubai. Mwombe mtendaji daftari, ketini wewe, yule mama mpishi, mfugaji na mwenye shamba, msome mstari kwa mstari, na pale ambapo hapajalipwa muulize mhusika kimemshinda nini.